Mfiwa Hashiki Kisu

Fairfax, Marekani, Jumapili, Machi 2007

Bado nina hasira na bosi. Nilimwambia mama mkwe wangu amefariki Tanga, naomba likizo ya msiba. Akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema naishi na Rehema, huu mwaka wa saba. Akasema pole, ila kwa sheria za Virginia mimi na Rehema, wanawake wawili, si kitu, kwa hiyo mama yake si mkwe wangu. Kumbe miaka yote mama huyo aliponipigia simu akiniita mwanangu, alikuwa anakosea namba!

Ikabidi nibadilishane zamu na mwenzangu kazini ili leo niwe nyumbani.

Leo watu wamekuja kutupa pole. Rehema alikaa mkekani, mimi nikakimbilia jikoni kumenya vitunguu. Niliogopa. Nikikaa pale naye, watanionaje?

Mama Zuhura, anayesimamia misiba yetu yote huku, akaninyang'anya kisu.

"We mtoto, umeona wapi mfiwa anapika kwenye msiba wake? Nenda kakae na mwenzio."

Wanawake wote jikoni wakageuka kunitazama. Halafu dada mmoja akavuta sinia la vitunguu, akaendelea kumenya.

Nikaenda kukaa. Wanawake wakawa wanainama, wanamshika mkono Rehema, kisha wananishika na mimi. Rehema akanisogezea kanga ya mama yake nijifunike.

Kesho bosi akiniuliza wikendi ilikuwaje, nitamjibu nimefiwa na mkwe wangu, na waliokuja kunipa pole walijaa hadi kwenye ngazi.