Mnara Ambao Sikuupanda

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uwe umeacha visa vyake. Huku msituni tuko wawili tu, mimi na Kobe, mwenzangu wa zamu, pamoja na nyani wenye adabu kunishinda. Kitambi changu kipo palepale. Hata mwendo wa siku mbili kutoka barabarani haukukitikisa.

Umeniandikia kwamba waumini wenzako wanataka ile barua niliyokuandikia kuhusu moto wa huku msituni isomwe mbele ya wote, wajue mtu anavyoweza kumpata Mungu porini. Dada, nakusihi, usiisome.

Kuomba niliomba kweli. Moto ulipokata njia na Kobe yuko ng'ambo, nilipiga magoti kwenye majivu, mimi uliyekuwa ukinivuta sikio twende ibadani. Jioni akatokea, viganja vimeungua, akasema maombi yangu ndiyo yaliyomtoa. Tangu siku hiyo naomba kila alfajiri.

Nililokuficha ni hili. Kazi yangu ni kupanda mnara kila asubuhi, vidato mia na kumi, nitazame kama kuna moshi, kisha niripoti kwa redio ya upepo. Magoti yananiuma, sawa, lakini uvivu nao una magoti yake. Siku ile niliripoti kuwa ni shwari nikiwa kitandani, blanketi hadi kidevuni. Kobe, aliyekuwa ameshatoka kufyeka mkanda wa kuzuia moto, alinisikia kwenye redio yake, akaniamini, akazidi kwenda mbele. Kumbe moshi ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angekuwa kule juu.

Mikono yake bado ina bandeji, hivyo mimi ndiye ninayemlisha uji. Leo nimemwambia yote, kijiko mkononi. Akakikataa kijiko. Uji ukapoa hadi ukafanya utando, nami nikajua basi, nimempoteza. Mwishowe akaniuliza kama leo nimeshapanda. Nikasema bado. Akasema nipande kwanza, uji atakula nikishuka, na niripoti nilichokiona kwa macho.

Nimepanda. Kulikuwa shwari. Nikiwa huko huko juu nikamweleza mkuu wetu kosa langu kwa redio, vituo vyote vikisikia. Anakuja kesho kutwa. Sijui kama nitabaki na kazi.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wasinicheke sana. Waumini wakiidai barua, wasomee hii.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sikio lake bado linastahili kuvutwa.