Usingizi wa Baba Mbele ya Wakwe

Redeyef, 9 Februari

Mwanangu Wided,

Assalamu alaikum. Natumai uko mzima huko Sfax na wanafunzi hawajakumaliza sauti. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua kwa baridi hii. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu pumzi hunikatikia katikati ya neno, nawe hunyamaza ukingoja, na kule kunyamaza kwako kunanichoma.

Bado nina haya ya siku ya posa. Wakwe wametoka mbali, mikono imeinuliwa isomwe Fatiha, na mimi mwenye binti nimelala. Nimelala na kukoroma. Kilichonigutusha ni ami yake mchumba wako: "Kumbe mgodi wa Redeyef haujafungwa. Sikieni mashine zake." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanya nini? Kisha nikakuona mlangoni na sinia ya chai, umeinamisha uso.

Wallahi sikuwa nimekesha. Usiku nalala, lakini naamka kichwa kinauma kama nimetwangwa kinuni. Mapafu yaliliwa na vumbi la fosfeti la mgodini na sigara zangu, hilo nalijua. Usingizi huu siujui.

Siku ya ndoa akuozeshe ami yako Tijani. Yeye kifua anacho, na suti anayo. Usinibembeleze.

Baba yako

Sfax, 3 Machi

Baba,

Salamu nyingi. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mwambie mama dawa ya kuchua goti iko njiani.

Nimelifikiria neno lako. Labda ni vyema ami Tijani aniozeshe. Mama mkwe aliniuliza kama unakunywa pombe. Nikamjibu ulikuwa na homa. Sikupenda kusema uongo, lakini ningesema nini, wakati mwenyewe sijui una nini? Pumzika tu. Tutakuletea picha.

Mwanao

Gafsa, 11 Aprili

Wided mwanangu,

Amani iwe kwako. Usishtuke kuona nakuandikia kutoka Gafsa. Niko hospitali, naketi, nakula supu. Mama yako nilimkataza asikupigie.

Barua yako iliponifikia niliapa kujitibu mwenyewe. Ule mtungi wa oksijeni niliopewa kwa ajili ya mapafu nikawa naufungua zaidi kila nikienda kulala, nikidhani hewa nyingi ndiyo usingizi mwema. Asubuhi moja mama yako akaniita nisiitike. Aliponitikisa nikamwita kwa jina la marehemu mama yangu.

Daktari ni binti wa rika lako. Aliniambia, "Mzee Lazhar, una maradhi mawili. Mapafu yamechoka, na ukilala koo linajifunga, pumzi inakatika, unazinduka bila kujua, linajifunga tena. Ndiyo maana mchana unasinzia. Oksijeni peke yake hailifungui koo. Na mtu wa mapafu kama yako akijizidishia, hewa chafu humjaa mwilini ikamlevya." Tiba ni kimashine kinachosukuma hewa kupitia barakoa inayofunika pua na mdomo, kila ninapolala, maisha yangu yote.

Mara ya kwanza niliing'oa. Nilijiona punda aliyetiwa hatamu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Vaa bwana, tulale. Humu hamna mkwe wako." Nilikuwa nimeshamsimulia, mdomo wangu huu. Nikavaa. Kulipokucha kichwa hakikuuma.

Mama mkwe wako mwambie upendavyo.

Baba yako

Sfax, 19 Aprili

Baba yangu,

Nakuomba radhi kabla ya salamu. Umeamkaje? Kichwa je? Barua yako niliisomea chooni shuleni, walimu wenzangu wasinione. Ulijitoa kwa heshima, nami nikakubali haraka, kama mtu aliyekuwa akiombea hilo.

Mama mkwe nimemweleza kweli, kwamba ni maradhi. Akasema "maskini", kisha akaanza habari za samaki wa karamu.

Uniozeshe wewe. Njoo na mashine yako, utalala kwa wakwe, sebuleni pamoja na wanaume. Ukikataa, ndoa na ingoje.

Mwanao

Sfax, 16 Julai

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Mlifika salama? Huandiki, na najua kwa nini.

Uliniozesha vizuri, macho wazi, kila neno likasikika. Lakini magodoro yalipotandikwa ukatokea na mfuko wa mashine, nilikupokea nikausukuma nyuma ya kabati la viatu. Nikakwambia, "Usiku mmoja tu, baba, si kitu." Ukanitazama ukasema, "Haya, binti yangu." Asubuhi nilikukuta uani, umekaa kitini, koti limefungwa hadi shingoni, midomo imekuwa ya buluu. Ukasema umependa upepo wa bahari.

Kumweleza mama mkwe niliweza. Kuacha wakuone umeivaa ndiko nilikoshindwa. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

Redeyef, 2 Agosti

Wided,

Wa alaikum salaam. Tulifika salama, ila nilirudi hoi, nikalala kitandani siku kadhaa na mama yako akinisema asubuhi na jioni. Sasa nina nafuu. Naweza kwenda sokoni na kurudi nikipumzika njiani mara moja.

Sikukasirika. Niliumia. Halafu kule uani nikajiuliza: angeniachia mfuko, ningeufungua mbele ya wale watu? Sina hakika. Basi usiubebe mzigo wote.

Juzi Bechir, tuliyekuwa naye mgodini, aliingia adhuhuri bila kubisha hodi, akanikuta nimelala na barakoa. Nilipoamka alikuwa bado ameketi. Hakucheka. Akauliza, "Inauma?" Nikamwambia inabana puani, baadaye unazoea. Kumbe naye hukoroma mpaka mkewe akahamia chumba kingine, na anaona haya kumwambia daktari. Jumatatu nampeleka Gafsa.

Njoo Idi, wewe na mumeo, na wakwe wakitaka. Tukishakula mimi nitalala sebuleni, mchana, nimevaa barakoa. Ukiona haya, kaa na mama yako jikoni mpaka niamke.

Baba yako