Ulichomfanyia Bi Mikogo

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kelele zake na lile paa lililokuwa likikuhangaisha halivuji tena. Mimi sijambo. Tumbo limepona, nakula, nacheka bila kushika ubavu, na tangu juzi nimeruhusiwa kubeba ndoo. Nakushukuru tena kwa kuacha shughuli zako ukaja kunishikia kituo changu cha farasi nilipolazwa. Naliandika hili mwanzo kabisa, kwa sababu nikishaingia kwenye yale mengine sitapata tena nafasi ya kushukuru.

Nina hasira nawe, Baba. Nimeanza barua hii mara kadhaa kwa adabu, nikaichana. Hii siichani. Adabu nitaitia pale itakapoingia, na pasipoingia unisamehe.

Kila ukipiga simu unaniuliza mambo mawili: kwa nini nakujibu kwa mkato, na Mama atarudi lini. Majibu yake yameshikana, na ni marefu, nawe kwenye simu huna subira ya kumwacha mtu amalize sentensi. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Tuanze na Bi Mikogo. Ulipofika ulimkuta uwanjani, ukasema ni farasi mzuri aliyedekezwa. Hukuuliza alikotoka. Mwenye farasi huyo ni yule daktari wa meno uliyemwona, mwanamke mpole anayevaa miwani kwenye uzi. Siku moja walipokuwa barabarani, turubai la lori likapigwa na upepo, farasi akaruka, daktari akaanguka akavunjika mfupa wa bega. Mfupa uliunga. Woga haukuunga. Walipoletwa kwangu, daktari alikuwa akishuka kwenye gari huku ameushikilia mlango, na farasi akiisikia tu sauti yake anageuza masikio nyuma. Wawili hao walikuwa wanaogopana, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye hatari.

Kazi yangu ilikuwa kuwapatanisha. Najua unaiitaje. Ulisema mbele ya wasaidizi wangu kwamba nimefungua shule ya chekechea ya farasi, wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa wewe ni baba yangu. Sasa sicheki. Farasi, Baba, ni mnyama ambaye tangu kuzaliwa anajua kwamba kuna anayetaka kumla. Anakusoma mabega, anakusoma pumzi, anajua umekasirika kabla wewe mwenyewe hujajijua. Kwa hiyo mimi humwomba kidogo, kwa kamba iliyolegea, na akijaribu tu, hata kwa kuhamisha kwato moja, namwachia papo hapo. Kule kuachiwa ndiko kunakomfundisha. Akitaka kuondoka, aondoke. Uwanja ni wake. Nami nitasimama hapo mpaka aone kwamba kuwa karibu nami kunampa raha kuliko kuwa mbali.

Miezi ilipita hivyo. Daktari alianza kwa kukaa nje ya uzio akisoma gazeti. Kisha akaingia ndani. Kisha siku moja Bi Mikogo akamfuata mwenyewe, bila kamba, pua yake nyuma ya bega lile lililovunjika, na daktari akazunguka uwanja mzima analia na kucheka, hathubutu kugeuka asije akaiharibu ile bahati. Nakwambia, nimeona harusi nyingi, lakini sijaona watu wawili waliofurahiana namna ile. Tandiko tulikuwa bado hatujaligusa. Hatukuwa na haraka ya kwenda popote.

Halafu utumbo wangu ukapasuka, nikakimbizwa hospitali, wewe na Mama mkaja.

Sitasema hukufanya kazi. Ulisafisha mabanda, ulitengeneza lile geti lililokuwa likinishinda, ulizikata kwato zilizokuwa zimezidi. Kama ungeishia hapo ningekuandikia barua nyingine kabisa. Lakini kule kwenye kikosi chenu cha farasi walikuita Pasi, kwa sababu hakuletwa kwako farasi mwenye makunyanzi ukamwacha nayo, na Pasi hawezi kuona kitu hakijanyooshwa akalala usingizi.

Ulinipigia simu wodini, mkono wangu mmoja ukiwa na sindano ya dripu. Ulikuwa unacheka. Ulisema, "Mwanangu, wewe pumzika. Yule malkia wako nimeshakumalizia. Jumamosi daktari anampanda." Nikasema, "Baba, hapana." Hukunisikia. Au ulinisikia. Simu ilikatika ukiwa bado unacheka, nami nikabaki natazama dari, siwezi hata kuketi.

Yaliyotokea nimesimuliwa na watu watatu, na hawapishani. Ulimfunga Bi Mikogo kwenye nguzo, kichwa juu, asiweze kukishusha. Ukamtia lijamu mdomoni, ukamtupia tandiko, na alipopigana nalo ukautoa mjeledi wako, ule uliokuja nao kwenye begi pamoja na nguo zako za kulalia, kana kwamba mtu haendi kumwangalia mgonjwa bila mjeledi. Hukumwacha mpaka alipoacha kupigana. Jasho linamchuruzika, akasimama kama meza. Hapo ukampapasa shingo, ukasema, "Sasa tunaelewana."

Jumamosi daktari akaja, kama kawaida yake. Ukamtolea farasi, ukamwambia apande. Alikataa kwa maneno ya adabu, nawe ukamwambia kwamba mtu mzima haogopi mnyama wake mwenyewe. Akapanda kwa aibu. Bi Mikogo akamzungusha uwanja wote bila kukosea hatua, nawe ukapiga makofi, na tangu siku hiyo kila nikitaka kusema neno unanijibu, "Si alimpanda?"

Ndiyo, alimpanda. Alikuja kuniona hospitalini jioni ile ile, akakaa pembeni ya kitanda changu na kofia ya kupandia farasi bado iko mapajani. Aliniambia kwamba kazini kwake anao wagonjwa wanaopiga kelele, na hao hawamtii wasiwasi. Wanaomtia wasiwasi ni wale wanaofungua mdomo na kunyamaza huku vidole vimekaza kwenye kiti, kwa sababu hao hawapo. Wamekuachia taya na wenyewe wamekimbia. Akasema, "Leo nimekaa juu ya mmoja wao." Akaniuliza kama angeweza kumwomba radhi farasi. Mtu mwenye shahada ukutani, Baba, ananiuliza jinsi ya kumwomba radhi farasi kwa jambo ulilolifanya wewe.

Wewe ulikuwa na haraka ya kuwahi paa lako, ukaondoka kabla sijaruhusiwa kutoka hospitali. Mama akabaki, kunipikia mpaka mshono ukauke. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja uwanjani, nguo za hospitali bado ziko begani. Bi Mikogo alikuwa amesimama kwenye kona, uso kwenye mbao. Nilimwita. Hakukimbia. Ningefurahi kama angekimbia. Alikuja kwa sababu aliitwa, kichwa chini, akasimama mbele yangu, na macho yake yalikuwa hayatazami kitu.

Nikaipiga ndoo teke. Ilikuwa ya bati, ikaruka mpaka kwenye uzio, na yule farasi akajikunja mwili mzima bila kusogeza mguu. Nikajiona. Nilikuwa nimesimama kama unavyosimama wewe, Baba, kidevu mbele, ngumi pajani. Kitu hicho nimekirithi kwako pamoja na paji la uso, na kwa wiki nzima sikuweza kuingia uwanjani, kwa kuwa kila nikishika lango hasira inaingia kwanza, na yeye alikuwa akiiona. Hebu fikiria. Umeniharibia kazi, halafu ukaniachia hasira inayonizuia kuitengeneza.

Aliyeingia ni Mama.

Unamjua Mama na farasi. Maisha yake yote amekuwa akifua harufu yao kwenye mashati yako, hajawahi kumgusa hata mmoja. Asubuhi moja nilimkuta amebeba kigoda na beseni la viazi, amekwenda kuketi katikati ya uwanja, anamenya. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema jikoni kuna joto. Kesho yake akaenda tena. Hakumwita farasi, hakumtazama, hakumpa hata ganda. Alikuwa anajizungumzia mwenyewe, bei ya mafuta, miguu yake, mambo ya shangazi. Nami nikiwa nje ya uzio nikimwangalia, nikaona sikio moja la Bi Mikogo linageuka. Siku nyingine shingo. Siku nyingine akachukua hatua, akasita, akachukua nyingine, mpaka akasimama nyuma ya Mama akamvutia pumzi kwenye kitambaa cha kichwa. Mama akaendelea kumenya. Lakini kisu kilikuwa kimeacha kiazi, kinamenya hewa.

Alipotoka nilimwambia kwamba hakuna mwalimu aliyenifundisha nikaweza kufanya vile. Akaliweka beseni chini. Akaniambia kwamba siku ile ulipokuwa na farasi, yeye alikuwa dirishani anaosha masufuria, na aliona yote. Aliposikia "Sasa tunaelewana," sufuria likamponyoka.

Baba, maneno hayo nayajua. Sote watoto wako tunayajua. Ndiyo uliyokuwa ukiyasema kila baada ya kugombana na Mama, yaani baada ya wewe kugomba na yeye kunyamaza. Haki itendeke: hujawahi kumwinulia mkono, wala sisi. Hukuhitaji. Geti likilia tu, redio ilizimwa. Tulijua kwa hatua zako ukumbini kama siku hiyo tutakula tukiongea au tutakula tukitazama sahani. Mama angekuwa anasimulia jambo, anacheka, ukiingia linaishia katikati, na sijui mpaka leo hadithi zake ngapi ziliishaje. Sote tulinyooka, Baba. Wageni walitusifu kwa adabu.

Sasa jibu la swali lako la pili. Mshono ulikauka zamani. Mama hakubakia kwa sababu ya mshono, na mimi nimekuwa nikikuficha kwa kuwa aliniomba nimpe muda. Muda umetosha, jana aliniambia nikuandikie. Mama harudi. Amechukua chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la kuelekea uwanjani, amekipaka rangi mwenyewe, na redio yake inalia tangu asubuhi kwa sauti inayonikera hata mimi.

Nilipoanza kumwambia kwamba nayaona yaliyompata, kwamba yeye na Bi Mikogo..., akanikata kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. "Usinifananishe na farasi," alisema. "Yule kafungwa kwenye nguzo. Mimi hakuna aliyenifunga, nilikaa mwenyewe, na sasa nimeondoka mwenyewe. Mwandikie hivyo hivyo." Nimekuandikia hivyo hivyo.

Usije kumchukua. Najua ukifika mstari huu umeshasimama unatafuta viatu. Kaa. Amesema atapokea simu yako Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Ukimpigia mzungumze kama watu wawili. Atakapoanza kusimulia jambo, mwache afike mwisho. Ukipandisha sauti atakata, na hatapokea mpaka Jumapili nyingine. Si mimi niliyepanga hivyo, ni yeye, nami nilimwona anafanya mazoezi ya kukata simu, anabonyeza kitufe na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Mikogo hajawa yule wa zamani. Daktari anakuja kama kawaida, amerudi kwenye gazeti lake nje ya uzio, na hajalalamika hata siku moja. Wiki hii farasi alimwekea kichwa juu ya ubao wa uzio, akaondoka. Siku nyingine mwanga wa miwani unamshtua, tunaanza upya. Mjeledi wako ulikuwa umesahaulika chumbani. Nimeuchoma, usiutafute.

Hasira yangu haijaisha. Nilidhani nikiandika itapungua, lakini naona mkono umetulia tu, yenyewe ipo. Mimi ni mwanao na nitakuja kukuona mwisho wa mwezi, nikuletee dawa ile ya kuchua goti, tukae, na ukitaka kunigombeza unigombeze mimi. Nitakusikiliza mpaka mwisho, halafu nitakujibu.

Wasalimie majirani wa pande zote mbili, na mwashi wa paa umwambie asikudanganye. Nilimuuliza Mama kama nikupe salamu zake. Alifuta mikono kwenye kanga. Akasema nikwambie kwamba vidonge vyako vya presha viko droo ya juu, nyuma ya taulo, na kwamba unavinywa baada ya kula, si kabla.



Ni mimi,
binti yako mkubwa