Sikukuitikia, Nilikuwa Nameza Uji

Ng'ambo, Unguja

Kaka yangu Hamadi,

Assalamu alaykum. Nakusalimu kwa mapenzi na kwa hasira, yote mawili uyapokee. Mama miguu yake haijambo? Wanangu wanakula? Mimi namshukuru Mungu. Nimetoka hospitali, nipo kwa shangazi.

Tezi iliyokuwa ikinikaba imetolewa, lakini sauti imekwenda nayo. Napumua kwa kibomba cha fedha kilichotiwa kwenye tundu hapa chini ya koo. Nakisafisha mwenyewe kila asubuhi, maana kikizibwa na makohozi roho inanipaa. Kula nako ni kazi. Uji mzito unapita, maji yananipalia mpaka machozi. Nesi amenifunza: bana pumzi, inamisha kidevu hadi kifuani, ndipo umeze.

Sasa siku ile uliyokuja wodini, nina bakuli mkononi na uji mdomoni, ukaniambia, "Mzee Faki wa Jadida kakuposa. Mie n'sharidhika naye, weye wasemaje?" Nikainamisha kidevu, nikameza. Ukasema, "Alhamdulillahi," ukavaa kofia yako ukaenda zako. Kaka, sikukuitikia, nilikuwa nameza uji! Nikagonga bakuli kwa kijiko urudi, mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani naomba sukari. Nikajua utakuja kesho yake, kumbe umeshapanda meli kurudi kwetu Konde.

Na hata ningenyamaza tu, ungeniozaje? Tulisoma chuo kimoja cha Kurani mimi na wewe. Mwanamwali ndiye ambaye kimya chake ni ridhaa. Mimi ni mjane, nimezaa mara mbili, ridhaa yangu ni kauli yangu. Au kwa kuwa nina tundu shingoni, unaona nimshukuru yeyote anayenitaka? Hilo limeniuma kuliko kisu cha daktari.

Juzi dada yake Mzee Faki kaja hapa na kanga za posa, ananiita wifi. Nikaweka kidole juu ya tundu, kama ninavyojifunza siku zote hizi, pumzi ikapanda, nikasema, "Sitaki." Sauti ilikwaruza kama mlango wa banda, lakini shangazi aliisikia mpaka jikoni. Yule bibi akakunja kanga zake. Shangazi akalia, mimi nikacheka.

Basi nenda Jadida wewe mwenyewe. Mzee Faki sina ugomvi naye, umtake radhi. Wala usimwambie mgonjwa kaghairi. Sema ulikosea wewe. Nakuja Konde mwezi ukiandama, na ukiwa na posa nyingine niulize kwa mdomo, nami nitakujibu kwa mdomo, na usubiri mpaka nimalize.

Nisalimie mkeo, wifi yangu Bi Saada, na jirani yetu Bi Mize anayenichungia kuku. Mama mbusu mikono. Wanangu waambie mama yao anasema tena.

Nduguyo,
Time binti Juma