Maneno ya Mtani Kwenye Kurasa za Kati

Mjomba,

Wamenipa gazeti. Nilipanga nianze kwa utulivu, nikuombee dua, nikupe salamu za nyumbani, halafu nifike polepole kwenye habari yenyewe, lakini mkono umenikimbia. Wamenipa, Mjomba. Kuanzia toleo lijalo mhariri wa Tujuane ni mpwa wako Somoe, na kurasa za kati hazifutwi. Nimefunga mlango wa ofisi hapa Ufukoni, na anayepita nje atadhani nimepandwa na wazimu, maana nacheka peke yangu.

Ngoja nikueleze kwa mpango, la sivyo utasema nimemshika samaki mkiani.

Ulipofariki, hata matanga hayajaondolewa, Katibu wa kamati ya gazeti aliniita. Wewe hukumkuta, ni mtu wa Unguja, mstaarabu, shati lake lina pasi asubuhi na jioni. Akaniambia kwa upole kwamba gazeti la jimbo linahitaji habari za bandari, bei ya korosho na matangazo ya serikali. Hadithi, vitendawili, mashairi na barua za wasomaji zilikuwa mambo ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe ametangulia. Kamati ilinipa toleo moja tu la kujaribu. Likipita kimya, kurasa za kati zinafutwa, nami narudi kupiga taipu barua za ofisi mpaka nizeeke.

Kimya hicho ndicho nilichokiogopa. Usingizi ulinikataa. Nilikuwa nakumbuka ulivyozianzisha kurasa zile, wewe ukiwa karani wa mashamba ya karanga ya Waingereza na mji umejaa wageni waliokuja kujenga gati na reli, kila mmoja na lugha yake, wanagombana kisimani kwa sababu hakuna anayejua jina la mwenzake. Karanga zilipokataa kustawi, wenzako walifunga mizigo. Wewe ukaomba taipu moja kuukuu na mashine ya kurudufia, ukasema karanga zimekwisha lakini watu wamebaki, na watu hupenda kusomwa. Nakukumbuka ukirudi kutoka Mpapura kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope, hadithi ya bibi mmoja umeishika kichwani. Hukuitikia salamu ya mtu njia nzima, ukichelea isikutoke. Watu wakasema karani yule siku hizi ana kiburi.

Na Mama, dada yako, ndiye aliyekuwa kamati ya kwanza. Kila kitu ulimsomea akimenya muhogo. Kisu kikisimama, habari imepita. Kikiendelea, unaikunja bila ubishi, hata kama aliyeandika ni mwalimu mkuu.

Basi nami nikaandika tanzia yako. Mjomba, niliipamba. Nikakuita nguzo, nikakuita taa, sijui nikakuita nini tena. Nikamsomea Mama pale Magomeni. Kisu kikaenda tu, kra, kra, muhogo ukaisha akachukua mwingine. Nilipomaliza akasema, "Huyo unayensema hapo, mie simjui."

Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nje nikakaa barazani nimenuna kama mtoto. Pale barazani ndipo nilipomkumbuka Che Kalembo.

Hukumwona siku ile, kwa hiyo nakwambia. Mtani wako huyo Myao alitangulia mbele ya jeneza kavaa miwani yako, penseli yako nyekundu kaichomeka sikioni, anawasimamisha wafiwa na kusahihisha vilio vyao. "We mama, kilio chako kirefu mno, punguza. We bwana, umerudia neno, futa." Sisi wanawake tulikuwa uani tunalia, tunacheka, hatujui tunafanya lipi. Alipodai jeneza halipiti mpaka apewe kuku, alipewa.

Nikamwita ofisini. Nikatia stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kwenye taipu, nikamwambia sema, naye akasema, na mimi nikapiga neno kwa neno. Kwamba Wamakonde wamepungukiwa mtu mmoja na mji umepata nafasi. Kwamba ulikuwa mhariri kwa kuwa jembe lilikushinda. Kwamba ulikula muhogo wake mwaka wa njaa ukamlipa shairi, na yeye amelichemsha tangu siku hiyo halijaiva. Kwamba ufukiwe vizuri, kwani ukitoka utarudi kutusahihisha wote. Nilipomsomea Mama, kisu kilianguka chini. Akacheka mpaka akavuta upindo wa kanga kufuta macho, na sikujua tena anafuta machozi gani. Toleo likachapwa hivyo hivyo, na tanzia yangu nikawashia jiko.

Katibu aliliona toleo hilo lori likiwa limekwisha kuondoka na magazeti. Kwao hawana mambo haya. Alinitazama kana kwamba nimekufukua. "Bi Somoe, umemtukana marehemu? Mjomba wako mwenyewe?" Nikafungua mdomo kueleza, yeye ameshavaa kofia, huyo, Magomeni, na mfuko wa sukari kwapani, kuiomba radhi familia kwa niaba ya gazeti. Nilibaki nimeshika kichwa. Nilijua akirudi, ama yeye ataondoka ama mimi.

Mama alinisimulia. Katibu alikaa mkekani kainamisha kichwa, akaomba radhi kwa maneno mazuri, ya Kiunguja hasa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Baba, ntani haombewi radhi. Ntani hashitakiwi. Asingekuja kuntukana ndugu yangu, ningejua kafa hana watu." Akachukua ule mfuko wa sukari akauweka nyuma yake. "Hii acha. Ni faini yako, kwa kuingilia utani wa watu."

Na kimya, Mjomba? Kimya gani. Barua zilianza kuja na lori la kwanza. Wamakonde wa Mpapura wanamrudishia Che Kalembo, Wayao wanamtetea, Wamakua wameingia katikati wanawatukana wote wawili. Kutoka kule mdomoni mwa Ruvuma, wasiojua kuandika walimtuma dereva kwa mdomo. Alisimama mlangoni pangu, kajishika kiuno, akatoa matusi aliyokaririshwa, mtu mmoja mmoja na jina lake na kijiji chake, nami napiga taipu huku tumbo linaniuma kwa kucheka. Che Kalembo mwenyewe akawa anapita kila siku kuuliza, "Leo nimetukanwa na nani?" Siku akikosa, anaondoka mnyonge.

Kamati ilipokaa jana, aliyesimama kunitetea ni Katibu. Alisema hajapata kuona gazeti ambalo watu wasiojua kusoma wanaliandikia. Wakakubali. Tulipotoka aliniuliza pembeni, kwa aibu kidogo, kama mtu wa Unguja anaweza kupatiwa mtani huku. Nimemwambia Mama anamtafutia.

Sasa kuna jambo moja hukulisoma wewe wala msomaji yeyote. Siku ile Che Kalembo anasema na mimi napiga, alifika mahali akavua miwani yako, akaiweka mezani. Nikadhani anatafuta tusi jingine. Akasema polepole, "Mwanangu, sasa nitantukana nani?" Mikono yangu ilikwisha kulipiga neno hilo kabla sijalielewa. Nililikata. Mtani akilia, wafiwa watashika wapi? Hukuniambia nilikate, Mama hakuniambia, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii naiweza.

Asubuhi hii amekuja kunipa hongera. Nikamwambia, "Che Kalembo, nitukane mimi." Akasema, "Mmakonde, tena wa kike, tena ana kalamu. Jamani, kusini tumekwisha." Akatoka haraka. Nami nimeinamia mashine nikalia kwa furaha na kwa kukukosa, vyote pamoja, na wala sioni haya kukuandikia hivyo.

Pumzika, Mjomba. Mungu akupanulie huko ulipo. Ahadi yangu ni hii moja: siku ya Che Kalembo ikifika, nitakwenda kwake mimi mwenyewe, nitasimama mbele ya watu wake, na nitamtukana kama ambavyo ungemtukana wewe.

Mpwa wako,
Somoe