Bi. Kapteni na Bibi Kapteni

Jumatatu, 3 Machi
Kazi mpya ofisini: kuunganisha wateja walioandikishwa mara mbili. Kompyuta yetu ya kusambaza vifurushi ina akili ya kuambiwa tu, ya kwake haina. Kwake "Mtaa" na "Mt." ni watu baki. Basi nimeiambia: Bi. na Bibi ni kitu kimoja. Brb., Barabara na Njia — kitu kimoja. Bosi kapita, kanisifu. Kichwa kikavimba.

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta inauliza: Bi. Kapteni, Barabara ya Kisima 14, na Bibi Kapteni, Njia ya Kisima 14, ni mmoja? Nikacheka peke yangu. Huyo wa Njia ni shangazi yangu. Mumewe tunamwita Kapteni kwa sababu ya kofia tu; maji yakimfika magotini anaita watu. Mji huu una makapteni wangapi? Nikabonyeza "unganisha".

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kapiga simu. Kaletewa kitanda cha mtoto mchanga. Shangazi, mwenye wajukuu!
"Mwanangu, kuna mtu anajua habari zangu ambazo mimi sizijui?"
Nikafungua ramani. Barabara ya Kisima ipo, upande wa pili wa soko. Nikamwambia kosa ni langu, kuna Bi. Kapteni mwingine, dereva atakifuata kesho. Akasema sawa.
Shangazi si mtu wa kusema sawa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewatenganisha. Bosi kauliza, kwani barabara si njia? Nikamwambia si kila njia, bosi.
Jioni nikapita kwa shangazi. Kitanda katikati ya sebule. Karatasi ya anwani keshaibandua, keshaichoma. Kapteni akaingia, akakiona, akavua kofia. Shangazi akamweleza kwa upole kabisa: kimeletwa kwa makosa, dereva yuko njiani. Kinakokwenda hakutaja.
"Msimsumbue dereva," Kapteni akasema, keshakiinua. "Nitakifikisha mwenyewe. Ni pale tu, nyuma ya —"
Akakatiza hapo.
Shangazi akavaa viatu. "Kizito hicho, mume wangu. Tukibebe wawili."
Wametoka sasa hivi, Kapteni mbele, shangazi nyuma. Mimi nimeachiwa nyumba. Simu ya Kapteni imebaki mezani. Inaita.