Waya Kwenye Mfuniko wa Dumu

Karatu, Alhamisi, Julai 2008

Asubuhi nilitokwa na machozi, na siku nzima nimeisingizia baridi. Ukungu umeshuka kutoka msituni hadi huku mjini, na jua lilipochomoza mchana halikuwa na msaada wowote. Naandika haya hapa intaneti kafe nikiwa nimevaa sweta mbili. Moja ni ya Petro.

Nimemkumbuka mno leo.

Kwa wasiomjua, Petro ni mpishi wa kambi, mtu wa Daa, hapahapa Karatu, na mwaka huu ilikuwa aje kwetu Marangu na wazee wake kuniposa. Tulikuwa kampuni moja ya safari za watalii, mimi stoo, yeye jikoni. Kila gari lilipopakiwa kwenda kambini juu ya kreta, alikuja dirishani kwangu kuomba iliki ambayo haikuwa kwenye mgao wake. Nilimpa, na alijua nitampa.

Mwezi wa tano aliongeza mafuta ya taa kwenye supu ya wageni akidhani ni maji. Bahati sufuria alikuwa ameshaliepua, kwa hiyo hakuna aliyeungua. Lakini wageni walitema, wakalalamika, na bosi wetu, Mama Upendo, akamfukuza kazi siku ileile waliporudi.

Hasira yangu bado haijaisha, acha niseme. Sisi maji na mafuta ya taa tunabeba kwenye madumu yaleyale ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Rangi moja, mdomo mmoja, mfuniko mmoja. Jioni kule juu ukungu unaingia hadi jikoni, moshi umekujaa puani na mafua hayaishi. Mtu anapapasa, anashika dumu, anamimina. Wewe ungenusa nini?

Dawa ya Mama Upendo ilikuwa kikao. "Kuweni makini!" Tukaitikia. Kisha akaniambia niandike MAFUTA kwenye dumu kwa kalamu nene, na haukupita muda masizi yakafunika kila kitu.

Umakini! Utadhani Petro aliamka siku ile akaamua kuuacha nyumbani.

Mjini wakaanza kumwita Mpishi wa Mafuta ya Taa, hadi sokoni. Hakuweza kuvumilia. Akaenda Nainokanoka, kijijini huko juu milimani, anapika chai na chapati kwenye kihoteli cha binamu yake, na simu huko haishiki. Aliniachia ujumbe kwa dada yake kwamba nisimsubiri mtu asiyeweza kutofautisha maji na mafuta.

Maneno hayo sijayakubali.

Basi nikaachana na vikao na kalamu, nikachukua waya. Dumu la mafuta ya taa nimelifunga mfuniko kwa waya mgumu, halifunguki kwa mkono hata ufanyeje. Lazima uende kwa dereva kuomba plaizi, na ukifika kwenye gari akili inakuwa imeshakurudia. Mpishi mpya, Joakimu wa Arusha, alinicheka sana. "Dada Neema, mimi mafuta ya taa nayasikia harufu toka getini, bwana!"

Leo asubuhi wamerudi kutoka kreta. Elia, dereva, alianza kucheka hata kabla ya kuzima gari. Anasema jana jioni alimkuta Joakimu anavutana na dumu, jasho linamtoka kwenye baridi ile, anafoka, "Ni nani huyu amefunga maji kwa waya?" Elia akamwambia, "Mdogo wangu, hayo siyo maji." Mboga ilikuwa inakauka, na safari hii sufuria lilikuwa bado motoni.

Kila mtu uani alicheka, Mama Upendo naye. Mimi nilishindwa. Joakimu ni mpishi mzuri, nasema kweli, na mkono wake ulikwenda palepale ulipokwenda wa Petro.

Nikasema mbele ya wote, "Mama, Petro alikosa waya tu."

Kicheko kikaisha. Mama Upendo akalitazama lile dumu, akasema, "Nimekusikia, Neema," akaingia ofisini. Yule mama akisema hivyo inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa nyamaza. Sikumfuata kumuuliza.

Nimewaza kuhusu Petro tangu hapo. Dada yake anasema siku hizi hata maji ya chai anayanusa kabla ya kumimina, tena maji aliyoyachota mwenyewe. Mtu aliyekuwa anapika huku anapiga mluzi! Nikiwaza hivyo roho inaniuma kuliko nilivyoumia aliponiacha.

Jumamosi kuna lori la mahindi linapanda Nainokanoka, na nimeshaongea na mwenye nalo. Sitaki ujumbe huu upitie kwa mtu. Nitamsimulia habari ya Joakimu mwanzo hadi mwisho, acheke kwanza, nimsikie akicheka. Kisha nitamwambia kwamba kazi sijui kama ipo.

Mimi nipo.